Masikio Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza na bati letu limeanza kelele zake. Beseni liko mlangoni, sufuria iko miguuni pa kitanda. Naandika humu kwa sababu nikisema kwa mdomo, kila mtu ndani ya nyumba hii ana jibu, na leo sitaki jibu. Nataka kumaliza sentensi.

Nimeitwa shuleni. Mwalimu mkuu, mzee mwenye miwani na sauti ya chini, kanikalisha akaniambia kwamba binti yangu, darasa la pili, hajui kusoma. Si kwamba anasoma vibaya. Hasomi. Katikati ya Mei, kabla ya kufunga muhula, atampa ukurasa ambao hajawahi kuuona. Akiusoma, anaendelea na wenzake. Akishindwa, anarudishwa la kwanza.

Nikauliza kama kuna tatizo lingine.

"Hakuna. Labda mdomo. Huyo mtoto anaongea, mama! Jana kanisimulia ndoto yake mpaka kengele ikalia."

Najua. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Chiriku. Anaongea akila, anaongea akioga, anaongea usingizini. Njia nzima nimerudi najiuliza: maneno yote hayo yamemjaa kinywani, mbona kwenye karatasi yanamkimbia?

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Mdogo wake anaota meno. Sijalala.

Ijumaa, 7 Machi

Tumeanza. Mchana niko kwa Fundi, ambako kazi yangu ni kufumua: watu wanaleta nguo kuukuu, mimi natoa mishono uzi kwa uzi, yeye anakata upya na kushona. Nikifika nyumbani vidole vinawaka. Hata hivyo nimemwekea Chiriku kitabu cha darasa mezani, mdogo wake nimempakata ananyonya, mimi nasoma mstari, yeye anaurudia. Kifua kinanibana na huu unyevu, nasoma huku nakohoa.

Mama mkwe, tunayeishi naye, alitutazama weee, kisha akasema, "Kichwa kizito hicho. Upande wetu hatuna wazito."

Mume wangu ni mwashi na mvua imefunga kazi, kwa hiyo anashinda nyumbani akitengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Akataka kutupoza: "Mtoto atasoma tu, Mama Chiriku. Nani alishawahi kuzeeka hajui kusoma?"

Mama yake akamgeukia. Yeye hajui kusoma.

Mume wangu akakumbuka kwamba mlango unahitaji grisi.

Jumanne, 11 Machi

Tumerudia kitabu. Mvua.

Jumapili, 16 Machi

Anasoma! Kitabu kizima, jalada hadi jalada, sauti inapanda na kushuka kama ya mtangazaji, na ukurasa anaugeuza palepale panapotakiwa. Katikati akakohoa kidogo, nikadhani nimemwambukiza mafua. Nimewaambia majirani wote, hata muuza maji ambaye hakuniuliza. Nimelala mchana saa nzima kwa furaha.

Jumamosi, 22 Machi

Niandike polepole.

Wifi yangu, dada yake mume wangu, kaja leo na wanawe wawili. Tulipomaliza chai nikamwita Chiriku asome. Mimi mwenyewe nilimwita, hakuna aliyeniomba. Akasimama katikati ya chumba, akavuta gauni, akasoma hadithi ya jogoo aliyetumbukia kisimani. Bibi yake akapiga makofi.

Wifi akanyoosha mkono. "Hebu lete nione, mwanangu." Akafungua kitabu katikati, akafunika picha kwa kiganja. "Soma hapa."

Chiriku akatazama kiganja. Akatazama dari. Kisha kwa sauti ileile nzuri akaanza: "Hapo zamani palikuwa na jogoo..."

"Hapa si mwanzo, mama. Soma nilipoweka kidole."

Akaanza tena palepale kwa jogoo, haraka zaidi, kama mtu anayekimbizwa. Binamu zake wakaangua kicheko. "Anasoma mkono wa mama!" Wifi hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka. "Wifi yangu, huyu hasomi. Huyu amemeza kanda."

Nikachukua kitabu nikasema ni haya tu, mtoto anaona haya mbele za watu. Nikamwambia aanze mwanzo. Akaanza. Alipofika ukurasa wa tano akakohoa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ukurasa wa tano mimi hukohoa. Mwanangu alikuwa amenikariri mimi: pumzi zangu, kituo changu, kikohozi changu. Herufi hata moja hakuwa ameiona.

Aliponitazama alijua kwamba nimejua. Akaingia chini ya meza na hakutoka mpaka wageni walipoondoka.

Jumatatu, 24 Machi

Chiriku haongei. "Ndiyo." "Hapana." "Nimeshiba." Basi.

Mvua inaongea peke yake.

Jumatano, 26 Machi

Nimekwenda kwa mwalimu wake wa darasa, msichana asiyenizidi umri, darasa limemjaa mpaka dirishani. Nilimweleza yote, hata kikohozi. Alicheka, halafu akaomba radhi, halafu akacheka tena, nami nikajikuta nacheka. Sikuwa nimecheka siku nyingi.

"Mama, umemfundisha ulimi na macho," akasema. "Masikio bado. Kwake neno ni kitu kizima, kama jiwe. Hasikii kwamba ndani yake mna sauti zinazofuatana. Sasa ukimwonyesha herufi, anaona mchoro tu. Mchoro wa nini, hajui."

"Nifanyeje?"

"Kitabu kiweke juu ya kabati. Cheza naye sauti. Neno hili linaanza na nini? Linaishia na nini? Na usitaje majina ya herufi. Toa sauti yenyewe: mmm, sss, fff. Masikio kwanza."

"Bila kitabu?"

"Bila kitabu."

Nimeaga vizuri, lakini moyoni nasema: huyu binti ananichezea. Kusoma bila kitabu ni kupika bila moto. Na Mei hiyo inakuja.

Ijumaa, 28 Machi

Kitabu kiko juu ya kabati. Nimemuuliza Chiriku, "Sabuni inaanza na sauti gani?"

"Ndiyo," akasema.

Jumanne, 1 Aprili

Baada ya shule Chiriku huja kwa Fundi na kukaa chini ya meza ya kukatia, kwenye vipande. Fundi ni mzee mpana anayezungumza zaidi na pasi yake kuliko na wateja. Leo alinyunyiza maji kwenye suruali, akaweka pasi, ikalia *sss*.

Kutoka chini ya meza sauti ndogo ikasema: "Sabuni inaanza na pasi."

Nikaacha kufumua. "Unasemaje, mwanangu?"

"Pasi inasema *sss*. Sabuni pia. Na sindano. Na suruali."

Fundi akainama. "Nani huyo anayehesabu mali yangu?"

"Na soksi," akasema Chiriku.

Nilijidai natafuta uzi chini ili nisionekane uso.

Alhamisi, 3 Aprili

*Mmm* ni mdogo wake akinyonya. *Fff* ni baba akipuliza chai. Mvua ni *shhh*, na nyumba nzima tulinyamaza kuisikiliza.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemkuta mama mkwe anacheza naye wakichambua maharage.

"Kitu kinachoanza na *mmm*," anasema Chiriku.

"Mimi."

"Bibi, wewe si kitu."

"Haya. Mlango. Meza. Maharage. Mama yako akichelewa kurudi."

"Hilo si neno moja!"

"Linaanza na *mmm* au halianzi?"

Anadanganya kwenye mchezo waziwazi na hataki kushindwa. Masikio anayo, lakini. Anazidaka sauti kuliko mimi. Aliponiona akakunja uso, kama nimemfumania akiiba sukari. Usiku nilimwekea chai yake kwanza.

Jumatano, 9 Aprili

Hatua mpya. Mwalimu amesema tulivunje neno, kila sauti na alama yake mezani. Nimeomba vifungo kwa Fundi. Kanipa mkebe mzima kwa masharti marefu: "Virudi vyote. Na kile cheusi kikubwa ni cha koti la bwana harusi. Kikipotea, utaolewa naye wewe."

Ijumaa, 11 Aprili

Kuvunja anaweza. *S, i, m, u.* Anasogeza kifungo kwa kila sauti, safi kabisa. "Haya, ziunganishe. Neno gani?"

Anavitazama vifungo. Anaitazama meza.

"Redio."

Jumatatu, 14 Aprili

*K, a, t, a.* "Mkasi."

Nimepandisha sauti. "Sikiliza! Umezisema mwenyewe sasa hivi! Mkasi umetoka wapi?" Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, mtoto mgongoni ananing'ata bega. Si sababu, ila ndivyo ilivyokuwa.

Amekunja mikono mapajani. "Ndiyo" na "hapana" zimerudi.

Jumanne, 15 Aprili

Hatukucheza.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo karibu nimpoteze mdogo wake.

Nilikuwa nakoroga uji. Vifungo vilikuwa mezani, mtoto sakafuni kwenye mkeka. Mama mkwe alikuwa anasali, baba yao ametoka kuzibua mfereji. Chiriku alikuwa ameketi kimya kama alivyokuwa tangu Jumatatu. Mara nikasikia ukelele ambao sikuujua kuwa wa binadamu:

"MAMA! KIFUNGO! AMEKULA KIFUNGO!"

Mtoto alikuwa ameshaanza kubadilika rangi. Nilimlaza kifudifudi kwenye mkono wangu, kichwa chini, nikampiga kati ya mabega kama nilivyoonyeshwa kliniki. Mara ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Sijui nilipiga ngapi. Kifungo kikaruka kikagonga mguu wa meza, kisha akalia, na kilio chake kilikuwa kitamu kuliko kitu chochote nilichowahi kukisikia.

Ni kile cheusi cha bwana harusi.

Nikaketi sakafuni na wote wawili. Mama mkwe alikuja na ushungi umemwangukia mabegani. Nilitegemea aniambie. Hakuniambia. Alikusanya vifungo vyote, akavifunika kwenye mkebe, akaenda kuuweka juu ya kabati pamoja na kitabu. Baadaye tu, akinipa kikombe cha maji, akasema: "Sasa na mambo haya ya michezo yaishe. Mtoto akirudi la kwanza hafi."

"Hafi, mama," nikasema. "Lakini ataamini kwamba ni mzito. Hayaishi."

Sijawahi kumjibu hivyo. Tulitazamana. Yeye ndiye aliyeondoa macho.

Chiriku alinishika sikio, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. "Mama, nimepiga kelele nyumbani."

"Umefanya vizuri kuliko sisi wote. Piga kelele daima."

Ijumaa, 18 Aprili

Nimerudisha mkebe. Nilimsimulia Fundi. Aliketi. Alikitazama kile cheusi muda mrefu, akakitupa kwenye takataka. "Nitamtafutia bwana harusi kingine," akasema. "Aliyechagua kifungo kikubwa hivyo hana akili hata hivyo."

Jumatatu, 21 Aprili

Leo kuna jambo limetokea na nataka nilikumbuke lilivyokuwa.

Bila vifungo, Chiriku akachukua vipande vya nguo chini ya meza ya Fundi. Vipana kama kiganja, havimezeki. Nikampa *s, i, m, u*. Akapanga vipande vinne mbalimbali, kimoja kimoja. Nikangoja redio.

Lakini mimi kazi yangu ni nguo, na macho yangu hayavumilii vipande vilivyoachana. Bila kufikiri nikavisogeza, nikakilaza kimoja juu ya ukingo wa mwenzake, kama unavyofanya kabla ya kupiga mshono, maana nguo hazishonwi zikiwa zimepeana mgongo. Lazima kimoja kimpandie mwenzake.

Chiriku akaweka kidole juu ya kipande cha kwanza. *Sss*. Akakiburuta kidole bila kukiinua, na sauti haikukatika kwa sababu kidole hakikukatika: *sssiii*. Akafika ukingo wa tatu. *Sssiiimmm*. Akasimama. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikia jina lake likiitwa mbali.

"Sssiiimmmuuu. Simu. Mama, simu. SIMU!"

Kumbe vifungo ndivyo vilivyokuwa vinatuharibia. Vifungo havigusani. Nilimfundisha kufumua, nikasahau kumfundisha kushona.

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. "Simu ya nani?" akasema. "Mwambieni sipo."

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwambia mwalimu. Kaomba aone. Nimempa vipande kwa ajili ya wengine darasani. Wako sita wenye shida hiyo, anasema. Kaniambia sasa naweza kuanza herufi. Namwona tofauti. Hakuwa ananichezea hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka.

Alhamisi, 24 Aprili

Chaki ya kukatia nguo inaandika vizuri juu ya kitambaa. Kila kipande sasa kina herufi yake. Chiriku ameondoa sauti ya kwanza ya *kata* akaweka nyingine: *pata*. Kisha bila kuambiwa: *bata*. Kisha akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Baba yake anataka kujaribu kila neno. Mvua imembakiza hapa, na nilikuwa naiona kama adhabu.

Jumapili, 27 Aprili

Wifi kaja na mfuko mkubwa wa matambara. Kauweka mlangoni, hakukaa. "Nimesikia mnavitumia," akasema huku anaangalia mvua. "Ile siku nilicheka vibaya."

"Ulicheka. Lakini usingefunika ile picha, mpaka leo tungekuwa tunapiga makofi. Ingia, chai iko motoni."

Akaingia.

Jumamosi, 3 Mei

Tumeshusha kitabu. Amesoma hadithi ya jogoo, sentensi mbili kwa jioni nzima, jasho linamtoka puani. Ukurasa wa tano hakukohoa.

Jumatano, 7 Mei

Sauti zilizobanana zinamtesa, *mb* na *nd*. Tunazishonea kipande kimoja. Analia kidogo, anaendelea. Namwacha alie, simwachi aache.

Jumapili, 11 Mei

Kesho. Mvua imepungua, inadondoka tu kwenye beseni. Sina la kuandika. Nimepiga pasi sare mara mbili.

Jumatatu, 12 Mei

Niliruhusiwa kukaa nyuma, mtoto mgongoni. Mwalimu mkuu mezani, mwalimu wa darasa dirishani akiuma kucha. Vipande vya nguo haviruhusiwi. Chiriku alisimama na mikono mitupu.

Ukurasa ulikuwa wa mbuzi aliyeingia nyumbani kwa watu. Alianza taratibu sana. Taratibu mpaka nilisikia saa ya ukutani. Mstari wa kwanza ukaisha. Wa pili. Alipofika wa tatu, akakwama.

Mwalimu mkuu akavua miwani. Nilijua anachotaka kusema, na nilitaka kusimama, nikajishika kitini. Nilimwona Chiriku anatazama dari, kama ile siku ya wifi, na moyo wangu ukashuka.

Kisha mkono wake ukashuka pia. Akashika pindo la sketi yake. Akabana kitambaa kidogo kwa vidole, akakiachia, akabana kingine pembeni yake, akasogea hivyo pindo zima, midomo inatikisika. Halafu akarudi mwanzo wa pindo na kupitisha kidole juu yake bila kukiinua.

"Wa...ka...fu...ra...hi. Wakafurahi."

Akasoma mpaka chini. Hakuna aliyemkatiza.

"Vizuri," akasema mwalimu mkuu, na sauti yake ya chini ilikuwa chini zaidi. "Mbuzi alikula nini?"

"Alikula kiatu."

"Sawasawa. Unaweza kukaa."

"Lakini mwalimu," akasema Chiriku, "hawajasema ni kimoja au vyote viwili. Kama ni kimoja, kile kingine watakifanyia nini? Na mimi nisingefurahi. Hao watu wanafurahi nini, na kiatu kimeliwa? Sisi nyumbani mdogo wangu alikula kifungo na hakuna aliyefurahi, ila baadaye, kilipotoka, na kilikuwa cha bwana harusi, na Fundi akasema..."

Mwalimu mkuu aliweka miwani yake mezani, akaegemea kiti, akamwacha aseme. Alipomaliza alinigeukia. "Anaendelea na wenzake, mama," akasema. "Atakuwa wa polepole kwa muda. Msiache."

Mwalimu wa darasa alikuwa amegeukia nje, anafuta macho kwa duster ya ubao. Alitoka pale na chaki usoni.

Tulirudi kwa miguu, jua limechomoza, matope yanavuta viatu. Pembeni ya ukuta mrefu wa ghala, Chiriku akasimama ghafla. Ukuta ule tumeupita kila siku tangu azaliwe. Kidole chake kikaanza kutembea hewani.

"Ma...ru...fu...ku. Ku...ko...jo...a. Ha...pa."

Akayarudia yote kwa mpigo mmoja, kwa sauti ya mtangazaji. Na pale chini ya maandishi, ameupa ukuta uso na barabara mgongo, alikuwapo bwana mmoja wa makamo mwenye suti.

"Mama! Wamemkataza! Imeandikwa! Baba, hukuona? Imeandikwa hapo juu kabisa!"

Yule bwana alikimbia huku anahangaika na zipu. Nilimvuta Chiriku mkono, tukakimbia upande wa pili, mtoto mgongoni anarukaruka, nami nacheka mpaka ubavu ukauma.

Jumanne, 13 Mei

Bati kimya. Mume wangu amerudi kazini. Nimemwaga beseni, nimelianika.

Chiriku amesoma mfuko wa sukari, sabuni, kibiriti, na maandishi ya chini ya kikombe. Sasa ameketi na bibi yake, vipande vya nguo vimetapakaa mapajani mwao. "*Bbb*, Bibi. Usiinue kidole. Ukiinua unaharibu."

"Nimeinua lini?"

"Umeinua!"

Kichwa kinaniuma. Nilifungua mdomo nimwambie anyamaze kidogo.

Nikaufunga.